Kiungo cha Taya na Maumivu Yake: Dhana Kwanza, Neno Baadaye

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri wa Kiswahili mara kwa mara ni maelezo ya afya: vijitabu vya kuwafunza wananchi, fomu za kupokelea wagonjwa, masomo ya wauguzi na matangazo ya kubandikwa katika kuta za zahanati. Kazi hizi huonekana nyepesi kwa kuwa maneno yake ni ya mwili, na mwili kila mtu anao. Lakini hapo ndipo penye mtego. Neno la mwili likitumiwa ovyo, atakayelipa gharama si mfasiri wala mhariri, bali ni mgonjwa.

Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano mmoja tu, nao ni maumivu ya kiungo cha taya. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni maumivu yanayowapata watu wengi, aghalabu watu wazima wenye umri mdogo na wa makamo, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Pili, ni maumivu ambayo katika mazungumzo ya kila siku hayana jina lake yenyewe. Mwenye nayo husema "jino linaniuma", au "sikio linaniuma", au "kichwa kinaniwanga". Kwa kuwa tiba hufuata jina, huenda akang'olewa gego lisilo na kosa, au akatiwa matone katika sikio lisilo na ugonjwa, na maumivu yakabaki pale pale yalipokuwa.

Kwa hiyo tutaeleza kwanza dhana yenyewe, yaani kiungo hicho na kazi yake. Kisha tutaona jinsi wataalamu wenyewe walivyohangaika kukitafutia jina kigonjwa hiki, na hasara iliyoletwa na majina yasiyofaa. Baadaye tutayapima maneno ya Kiswahili ambayo mgonjwa huyatumia, tutataja njia za kupunguza maumivu na dalili za hatari, na mwisho tutapendekeza istilahi chache.

1. Kiungo chenyewe

Msomaji na aweke ncha za vidole vyake vya shahada mbele kidogo ya matundu ya masikio, kisha afungue kinywa na kukifunga polepole. Kitu kinachoteleza chini ya vidole ndicho kiungo cha taya. Viungo hivi ni viwili, cha kulia na cha kushoto, wala kimoja hakiwezi kwenda bila mwenziwe, kwani taya la chini ni mfupa mmoja uliopinda mfano wa upinde.

Taya la chini linapopanda kuelekea sikioni huishia kwa kichwa kidogo cha mviringo. Kichwa hicho hukaa katika kishimo kilichomo upande wa chini wa mfupa wa panja, ambao ni sehemu ya fuvu. Kati ya kichwa na kishimo pana kisahani, yaani kipande chembamba cha tishu ngumu inayonyumbulika, ambacho huizuia mifupa isisuguane. Kiungo chote kimezungushiwa mfuko na kushikizwa kwa kano.

Viungo vingi vya mwili vina mwendo mmoja ulio mkuu. Kiwiko, mathalani, hukunjika na kukunjuka mfano wa bawaba ya mlango. Kiungo cha taya kina miendo miwili. Kinywa kinapoanza kufunguka, kichwa cha taya huzunguka pale pale kilipo. Kinapozidi kufunguka, kichwa hicho pamoja na kisahani chake huteleza kwenda mbele. Kwa kawaida mtu mzima hukifungua kinywa chake kwa kiasi cha milimita 40 hadi 55, kutoka ncha za meno ya mbele ya juu hadi za yale ya chini. Asiye na rula aweza kujipima kwa vidole vyake vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, akivipanga kimoja juu ya kingine baina ya meno hayo. Vikiingia bila taabu, kinywa chafunguka vya kutosha.

Mwendo huo huongozwa na misuli minne mikubwa kila upande: msuli wa shavu, msuli wa panja, na misuli miwili iliyofichika upande wa ndani wa taya. Mtu akiyabana meno ataisikia ile miwili ya kwanza ikitutumka chini ya vidole vyake. Hapa pana jambo la kukumbukwa na kila mfasiri: maumivu ambayo watu huyaita ya kiungo cha taya mara nyingi si ya kiungo, bali ni ya misuli hii. Imetumiwa kupita kiasi, ikachoka, kama mgongo wa mtu aliyeshinda akilima.

Jambo la pili ni habari ya neva. Taya, meno, panja na ngozi ya mbele ya sikio hupata hisia kutokana na neva moja, yaani neva ya tano ya kichwa, ambayo hugawanyika matawi matatu. Habari za maumivu zinapofika katika ubongo kwa njia hiyo moja, ubongo huweza kukosea ni wapi zilikotoka. Ndiyo sababu msuli wa shavu ukichoka mtu huhisi gego likimuuma, na kiungo kikiwaka mtu hulalamikia sikio. Mgonjwa hasemi uongo wala hana upungufu wa lugha. Anaeleza kwa uaminifu kile ambacho ubongo wake umemwambia.

2. Jinsi jina lilivyobadilika

Taya limewashughulisha waganga tangu zamani sana. Hati moja ya mafunjo ya Misri ya kale, ijulikanayo kwa jina la Edwin Smith, na iliyoandikwa yapata mwaka 1600 K.K., yaeleza namna ya kulirudisha taya lililoteguka: mganga huingiza vidole gumba kinywani, vidole vingine vikikaa chini ya kidevu, kisha hulisukuma taya mpaka likarejea mahali pake. Kanuni hiyo yatumika hospitalini hata leo. Lakini kuteguka ni tukio linaloonekana kwa macho. Maumivu yasiyo na alama ya nje ndiyo yaliyoleta utata.

Mwaka 1934 daktari wa masikio, pua na koo wa Marekani, James Costen wa mji wa St. Louis, alichapisha habari za wagonjwa 11 waliokuwa na maumivu ya kichwa, kuziba na kuvuma kwa masikio, kizunguzungu na mwako wa ulimi. Aliona kwamba chanzo cha yote hayo kilikuwa kupotea kwa magego, jambo ambalo, kwa maoni yake, liliacha taya la chini lipande mno na kuyakandamiza maeneo ya sikio na neva zake. Ugonjwa ukapewa jina lake. Jina likaja na tiba yake: kuyainua meno. Baadaye wataalamu wa maumbile ya mwili walipochunguza mpangilio wa sehemu hizo, hawakuona kwamba taya laweza kukandamiza kwa namna aliyoeleza. Hata hivyo jina lilikuwa limekwisha kuenea, na meno ya wagonjwa wengi yaliendelea kutengenezwa, kuchongwa na kuinuliwa kwa ajili ya nadharia iliyokwisha kutikisika.

Katika miaka ya 1950 Laszlo Schwartz wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, aliyaelekeza macho ya wataalamu kwenye misuli. Mwaka 1969 Daniel Laskin alieleza kwamba uchovu wa misuli, unaotokana na kubana na kusaga meno wakati wa dhiki ya moyo, ndio ulio chanzo katika wagonjwa wengi. Jina alilolitumia halikutaja kiungo, bali lilitaja misuli na utando unaoifunika.

Lakini desturi ya kukitaja kiungo peke yake haikufa, nayo ilikuwa na gharama zake. Katika miaka ya 1980 maelfu ya wagonjwa nchini Marekani walipasuliwa, wakatolewa kisahani cha kiungo na kuwekewa kipande cha plastiki mahali pake. Vipande hivyo vilimomonyoka kwa kusagika, na chembechembe zake zikasababisha mfupa wa karibu kuliwa. Mwaka 1991 mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia dawa na vifaa vya tiba iliamuru vipande hivyo viondolewe sokoni, na wapo waliobaki na maumivu makubwa kuliko yale yaliyowapeleka hospitalini hapo kwanza.

Wakati huo jina lilikuwa likitafutwa upya. Mwaka 1983 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilichapisha taarifa ya mkutano wake maalumu juu ya suala hili, na humo likapendekezwa jina la wingi, yaani si ugonjwa mmoja bali ni kundi la matatizo ya kiungo, misuli na sehemu zinazoambatana navyo. Jina hilo ndilo linalotumika mpaka sasa. Mwaka 2014 vigezo vya kimataifa vya kuyatambua matatizo haya vilichapishwa, na kazi ya kuvitafsiri kwa lugha mbalimbali ikawekewa utaratibu: kwanza kutafsiri, kisha mtu mwingine kuirudisha tafsiri katika lugha ya asili, ili ionekane kama maana imesalimika njiani.

Funzo tunalolipata katika historia hii ni kwamba kila jina lilibeba ndani yake dai la chanzo, na dai la chanzo likaamua nani atibu na kwa chombo gani. Aliyesema "meno" alichukua patasi. Aliyesema "kiungo" alichukua kisu. Aliyesema "misuli" alianza kwa mapumziko na maelezo. Mwunda istilahi hana budi kulifikiri jambo hili kabla ya kuandika neno lake la kwanza.

3. Maneno ya mgonjwa na kazi ya mfasiri

Kiswahili ni tajiri wa vitenzi vya kueleza maumivu, na utajiri huo wamfaa sana tabibu ikiwa fomu zetu hazitaufuta. Jino lililooza hadi kwenye kiini chake aghalabu hupwita, nalo humwamsha mtu usiku. Msuli uliochoka huvuta, huwa mzito, na huzidi wakati wa kutafuna. Maumivu ya neva yenyewe hupiga kama umeme, yakaja na kuondoka kwa kitambo kidogo. Fomu inayomwuliza mgonjwa "Unaumwa? Ndiyo / Hapana" hutupa elimu hii yote jalalani. Ni afadhali kuuliza: "Je, pale panapouma panapwita, panavuta, panachoma, au panapiga kama umeme?"

Kadhalika yafaa kutenganisha vitenzi vitatu ambavyo hutumiwa kana kwamba ni kimoja, navyo ni kukwama, kuteguka na kukaza. Taya lililokwama ni lile ambalo mwendo wake umezuiliwa ndani ya kiungo, aghalabu kwa kisahani kilichotoka mahali pake, na kinywa hakifunguki zaidi ya nusu. Taya lililoteguka limetoka katika kishimo chake, nalo huacha kinywa wazi, wala mtu hawezi kukifunga. Taya lililokaza limeshikwa na misuli yake. Huenda ni kwa uchovu, au jipu la gego la mwisho, au, jambo lililo zito kuliko yote, pepopunda, ambayo mara nyingi huanza kwa kukaza taya baada ya kidonda kuingiwa na vijidudu. Mfasiri akiandika "taya kufunga" kwa yote matatu, mhudumu wa zahanati hatajua kama ampe mgonjwa dawa ya maumivu au ampeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna na suala la mlio. Wengi wenye tatizo la kiungo hiki husikia kitu kikilia karibu na sikio wanapofungua kinywa. Vitabu vingine hutumia "kupasuka", neno linalomtia mtu hofu bure, maana hakuna kilichopasuka. Kiswahili kina kitenzi kualika, kile kile kinachotumika tunaposema kwamba mtu anaalisha vidole vyake. Kiungo kinaalika. Jina mwaliko halifai hapa, kwa kuwa msomaji atafikiri karamu ya harusi; tuseme mlio wa kualika. Mlio mwingine, ulio kama mchanga unaosagwa, ni mkwaruzo, nao huonyesha kwamba nyuso za kiungo zimechakaa. Yafaa ieleweke kwamba kiungo kinachoalika bila maumivu na bila kukwama si kigonjwa, na hakihitaji kutibiwa. Sentensi hiyo moja, ikitafsiriwa vyema, yaweza kumwokolea mtu fedha na wasiwasi mwingi.

Kuhusu meno kusuguana, tunayo maneno matatu. Kusaga ni kazi halali ya magego, kwani ndiyo yanayosaga chakula. Kwa hiyo neno kusaga meno, ingawa limezoeleka, lina mawazo mawili. Kukereza meno ni kuyasugua yenyewe kwa yenyewe kwa sauti, hasa usingizini. Kubana meno ni kuyashindilia bila kuyasogeza, na mara nyingi mtu hufanya hivyo mchana akiwa macho bila kujitambua, anapoendesha gari, anaposahihisha madaftari au anapokuwa na hasira asiyoweza kuisema. Tofauti hii si ya mapambo. Anayekereza usiku hawezi kujizuia kwa kuamua tu, lakini anayebana mchana aweza kujifunza kuacha.

Mfano wa mwisho ni mgumu kuliko yote. Katika vigezo vya mwaka 2014 tabibu hubonyeza misuli na kiungo kwa kidole, na haitoshi mgonjwa aseme kwamba anaumia, kwa sababu karibu kila mtu huumia akibonyezwa kwa nguvu. Linalotakiwa ni kujua kama maumivu yaliyoamshwa na kidole ndiyo yale anayolalamikia. Mfasiri mwenye haraka ataandika "maumivu ya kawaida" au "maumivu uliyoyazoea", na yote mawili yapotosha: la kwanza lamaanisha maumivu yasiyo na neno, na la pili maumivu ambayo mtu hayamsumbui tena. Kiswahili fasaha cha dhana hii ni rahisi mno: "Je, maumivu haya ndiyo yale yale yanayokusumbua?" Urudufu wa yale yale ndio unaobeba kigezo chote. Mgonjwa akijibu ndiyo pale gego lake lisipoguswa, bali ulipobonyezwa msuli wa shavu, gego hilo limepata wakili.

4. Njia za kupunguza maumivu

Wagonjwa walio wengi hupata nafuu kwa njia rahisi, katika muda wa majuma au miezi michache. Maelezo yanayotolewa kwa wananchi yapaswa kuanza na habari hiyo njema, kwa sababu hofu huzidisha kubana meno, na kubana huzidisha maumivu.

Jambo la kwanza ni kulipumzisha taya. Kwa muda wa majuma machache mtu ale vyakula laini, kama vile uji, wali, maharage yaliyoiva sana, viazi vya kuponda na ndizi za kupika. Ajiepushe na mahindi ya kuchoma, miwa, nyama ngumu, kuguguna mifupa na ubani wa kutafuna. Asifungue chupa kwa meno, asitafune kucha wala kalamu. Akitaka kupiga mwayo, aweke ngumi chini ya kidevu ili kinywa kisifunguke mno.

Jambo la pili ni kulifundisha taya makao yake. Watu wengi hudhani kwamba kinywa kikifungwa meno hayana budi kugusana. Sivyo. Makao ya mapumziko ni midomo kufungwa, meno kuachana kidogo, na ncha ya ulimi kutulia juu, nyuma ya meno ya mbele. Meno yana haki ya kukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Mwalimu aweza kuweka alama ndogo kwenye saa yake au pembeni mwa ubao. Kila aionapo ajiulize kama meno yake yamebanana.

Jambo la tatu ni joto na kuchua. Hapa tena lugha yataka uangalifu, maana kukanda hutumiwa kwa kuweka kitambaa cha maji ya moto na pia kwa kusugua mwili kwa mikono. Katika maelezo ya tiba tungependa kukanda kubaki na maana ya kitambaa cha moto, na kuchua kuwa na maana ya kusugua. Mgonjwa akande shavu na panja kwa kitambaa chenye moto wa kuvumilika, kwa muda wa dakika 10 hadi 20, kisha achue misuli taratibu kwa mizunguko ya vidole. Jeraha jipya, kama la kupigwa au kuanguka, hukandwa kwa baridi katika siku za mwanzo.

Jambo la nne ni mazoezi. Lililo rahisi ni kuweka ncha ya ulimi juu kwenye kaakaa, kisha kufungua na kufunga kinywa polepole bila ulimi kuachana na mahali pake, mara chache kwa kila zoezi na mara kadhaa kwa siku. Zoezi linaloongeza maumivu liachwe.

Dawa za maumivu, kama paracetamol au ibuprofen, husaidia kwa siku chache. Ibuprofen haiwafai watu wote: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye maradhi ya figo na mama mjamzito waulize kwanza kwa mganga.

Maumivu yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu huitwa sugu, nayo huhitaji msaada wa wataalamu. Mwaka 2023 jopo la kimataifa, ambalo wagonjwa nao walikuwamo, lilichapisha mwongozo katika jarida la tiba la BMJ la Uingereza. Yaliyopewa uzito ni mazoezi ya taya na ya kunyoosha mwili yanayosimamiwa na mtaalamu, kuchuliwa na kusogezwa taya kwa mikono yake, na mazungumzo ya kitaalamu yanayomsaidia mgonjwa kubadili fikra na mazoea yanayochochea maumivu. Vifuniko vya meno vinavyovaliwa usiku hulinda meno yasilike, lakini jopo halikuvipendekeza kuwa tiba ya maumivu sugu. Upasuaji wa kutoa kisahani lilipinga kwa nguvu. Kung'oa meno mazima au kuyachonga ili kutibu maumivu haya ni jambo lisiloweza kurudishwa nyuma, na lisifanywe kwa kubahatisha.

5. Dalili za hatari

Mfasiri anayeandika juu ya maumivu ya taya asiziache dalili zifuatazo, hata kama karatasi ni ndogo, kwa sababu hizi haziponi kwa uji na kitambaa cha moto.

(a) Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho, kichefuchefu au kupumua kwa shida. Huenda ni moyo, na mgonjwa akimbizwe hospitali.

(b) Taya linalokaza baada ya kupata kidonda, hata kiwe kidogo. Huenda ni pepopunda.

(c) Uvimbe wa shavu au shingo pamoja na homa, shida ya kumeza au ya kupumua.

(d) Kwa mtu aliyepita umri wa miaka 50: maumivu mapya ya panja, taya kuchoka upesi anapotafuna, na macho kupungukiwa nuru. Ugonjwa huu wa mishipa ya damu waweza kupofusha usipotibiwa mapema.

(e) Kinywa kilichobaki wazi kisiweze kufungwa. Kazi ya kulirudisha taya ni ya mhudumu aliyefunzwa, si ya jirani mwenye nguvu.

(f) Uvimbe usioisha, ganzi ya mdomo au kidevu, au kukonda bila sababu.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, twapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe na wasomaji. Kila moja imeelezwa kwa dhana yake, ili anayeipinga apinge maana na si sauti ya neno.

Kiungo cha taya: mahali ambapo kichwa cha taya la chini hukutana na mfupa wa panja. Kwa kuwa kiungo lina maana nyingi, kuanzia sehemu yoyote ya mwili hadi kikolezo cha pilau, mwandishi alifafanue neno hili linapotokea mara ya kwanza.

Matatizo ya kiungo na misuli ya taya: jina la kundi zima. Lisifupishwe kuwa "ugonjwa wa taya", maana ufupisho huo huisahau misuli na kuleta wazo la ugonjwa mmoja.

Kichwa cha taya: ncha ya juu ya mfupa wa taya la chini iliyo ndani ya kiungo.

Kishimo cha panja: mahali katika fuvu panapokaa kichwa cha taya.

Kisahani cha kiungo: kipande cha tishu kilicho kati ya kichwa na kishimo.

Msuli wa shavu na msuli wa panja: misuli miwili ya kutafuna inayopapasika kwa nje.

Maumivu ya kuhamia: maumivu yanayohisiwa mbali na chanzo chake, kama yale ya msuli yanayohisiwa jinoni.

Maumivu yale yale: maumivu yanayoamshwa na tabibu ambayo mgonjwa huyatambua kuwa ndiyo malalamiko yake.

Kualika; mkwaruzo: milio miwili ya kiungo, wa kwanza ni mkavu na wa mara moja, wa pili ni kama wa mchanga.

Kukwama, kuteguka, kukaza: hali tatu za taya, kama zilivyotenganishwa katika sehemu ya 3.

Kukereza meno; kubana meno: la kwanza kwa kusugua, la pili kwa kushindilia.

Makao ya mapumziko: hali ya midomo kufungwa na meno kuachana.

Hitimisho

Msomaji ataona kwamba katika orodha hii hakuna neno hata moja lililokopwa kwa ajili ya makala haya. Si kwamba kukopa ni dhambi, la. Neva na tishu tumezitumia bila kuona haya. Ni kwamba mara hii maneno yalikuwapo, katika vinywa vya watu wanaoumwa, yakingoja kupangwa. Kazi ya mwunda istilahi hapa haikuwa kubuni bali kutenganisha: jino na msuli, kukaza na kukwama, kukereza na kubana.

Twawaomba walimu wa masomo ya afya, wafasiri na watumishi wa ofisi zinazochapa fomu za hospitali wazijaribu istilahi hizi kazini mwao, na watuandikie pale zinapowashinda. Kipimo chake hakitakuwa uzuri wa masikioni. Mgonjwa akiingia chumbani ameshika shavu, akaulizwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na akatoka akiwa na gego lake kinywani, hapo neno litakuwa limefanya kazi yake.